Mchezaji Ameondoka Mezani

Antanimasaja, Mahajanga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Salimu,

Asalaam aleikum. Mwandiko huu umeshautambua juu ya bahasha, na ninavyokujua, uliiweka kwanza juu ya kabati, ukanywa chai yako, ndipo ukaifungua. Ni haki yako. U hali gani, kaka? Kifua kinakupa nafuu? Shemeji na watoto hawajambo? Lile paa la nyumba ya Ngamiani umeshaliziba pale juu ya chumba cha Mama, au mvua ikinyesha bado mnatega beseni? Mimi mwili ni mzima. Mke wangu Zainaba ni mzima pia na anawasalimu nyote, hata wewe uliyekasirika.

Barua yako ya mwisho ninayo. Uliniandikia baada ya arobaini ya Mama, mstari mmoja tu: "Kama na wewe umekufa, tuarifu tukusomee." Mwaka wa pili huu sijajibu. Sitaanza na udhuru, maana udhuru wangu hata mimi nimeuchoka. Nitaanza na kipanya cha kompyuta. Usiikunje karatasi, kaka. Nivumilie, utaona ninakokwenda.

Unajua kwamba ninaishi kwa mama mkwe. Kwa hawa wenye asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Mkwe wangu ni mtu wa kale. Mbele ya mkwewe wa kiume hanyooshi mguu, hatafuni, hacheki akaonyesha meno. Mimi nikirudi kazini nakohoa mlangoni, yeye anaingia chumba cha ndani, ndipo napita. Lugha yao na yetu ni mtu na nduguye, kwa hiyo kuelewana tunaelewana, ila miaka kumi na mmoja hii nadhani tumeongea zaidi kwa kikohozi.

Ana mdogo wake mmoja tu, Bi Moina, anayekaa Andoany, kule Nosy Be. Miaka tisa walikuwa hawasemezani. Mama yao alifia huko Andoany, na mkwe wangu alichelewa kufika, akaingia siku ya hitima, marehemu ameshalala kaburini wiki nzima. Bi Moina akamwambia mbele ya watu kwamba amekuja kula pilau. Basi mkwe wangu akainuka mkekani, akatoka, hakugeuka nyuma. Tangu siku hiyo, kwa ukoo mzima, yeye ndiye aliyeinuka.

Mwaka huu Zainaba na binti wa Bi Moina wakala njama. Zainaba ana kompyuta sebuleni, anawachapia watu barua za kupeleka ofisini. Wakaweka mchezo wa dhumna wa kwenye mtandao, na kila mmoja akambembeleza mama yake mpaka akakaa mbele ya kioo. Wale dada wamekua na dhumna toka utotoni, hawakuhitaji kufundishwa ila namna ya kushika kipanya. Maneno hakuna, ni kete tu: huyu anaweka yake Mahajanga, yule anaijibu Nosy Be. Kila siku baada ya alasiri. Zainaba akaniambia Mama, ndivyo nami ninavyomwita mkwe wangu, ameanza kuimba jikoni. Mimi tangu nioe sijapata kumsikia akiimba.

Ndipo kipanya kikaanza kuganda.

Mchezo ukinoga, kile kishale kinachofuata kipanya kinasimama katikati ya kioo, hakiendi kulia wala kushoto. Na mchezo wenyewe hauna huruma. Ukikawia kuweka kete, mashine inakutoa, halafu inamwandikia mwenzako kwa Kifaransa kwamba mchezaji ameondoka mezani. Fikiria, kaka. Katika maneno yote ya dunia hii, Bi Moina akaandikiwa hayo. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alimuuliza bintiye kama dada yake bado ana miguu myepesi. Mara ya tatu akasema basi, hakai tena na mtu wa kuinuka inuka. Jikoni kukawa kimya.

Kazi ikaniangukia mimi. Ninatengeneza majokofu ya mahoteli ya Amborovy, na katika nyumba hii wanaamini kwamba anayejua kitu kimoja chenye waya anajua vyote. Na mimi sikukataa, unanijua kwa kujitia ujuzi. Nilichomoa waya nikauchomeka tundu jingine. Nikafuta mchezo, nikauweka upya. Nikaambiwa na kijana wa duka la kompyuta kwamba mashine inabana umeme wa matundu yake ikiona hayatumiki, nikatafuta mahali pa kuizuia nikaizuia. Nikakigeuza kipanya tumbo juu, nikaona kijicho chake kina vumbi la kimanjano, nikalipangusa kwa shati bila kuwaza, maana mji huu vumbi ni la bure. Kila jioni nikikipangusa na kukijaribu, kinateleza vizuri kabisa. Kila mchana Mama akikishika, kinaganda. Mwisho nikaazima kingine kazini, kipya, kwenye boksi lake. Siku ya pili nacho kikaganda.

Hapo nikaanza kumdhania vibaya. Nilimwambia Zainaba kwamba labda Mama mwenyewe anakiacha makusudi akiona anashindwa. Zainaba alikunja nguo zote za kapu moja bila kunitazama. Nilijuta, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Unaona kosa langu? Jokofu likiharibika, mimi huketi nalo, nalisikiliza likifanya kazi. Hiki kipanya nilikuwa nakipima wakati mwenyewe hayupo. Adabu ya mkwe ilinizuia: nikikohoa, anaondoka, nakuta kiti kina joto na chombo hakina ugonjwa.

Bi Moina alibembelezwa na bintiye mpaka akakubali mara moja ya mwisho, Jumamosi. Wiki hiyo Mama akawa anacheza na mashine peke yake, anajizoeza. Alhamisi umeme ulikatika Amborovy nikarudi mapema, nimebeba mota ya jokofu mikono yote miwili na skrubu nimezibana midomoni, nikapitia mlango wa uani. Kukohoa ningekohoaje? Pazia la sebule lilikuwa limefungwa kando, nikamwona.

Alikuwa amepaka liwa. Hapa wanaiita masonjoany. Wanausaga ule mti kwenye jiwe na maji, wanajipaka uso mzima kuzuia jua, na wengi wanatoka nayo mpaka sokoni, lakini mkwe wangu kabla sijafika huwa ameshanawa. Basi uso ulikuwa wa manjano, liwa imeshakauka inapasuka pasuka. Alikuwa anaiwaza kete. Shavu ameliegemeza kwenye kiganja cha kulia, anawaza, anawaza, anajisugua kidogo. Kisha mkono ule ule ukashuka kushika kipanya, na unga wa liwa ukamwagika nao. Mara mbili, mara tatu. Kishale kikasimama. Alikisukuma, akakisukuma tena, kisha akaiweka mikono mapajani na kukitazama kile kioo kama mtu aliyefungiwa mlango.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Lakini nitamwambiaje? Kumwambia ni kukiri kwamba nimemchungulia usoni. Nilitaka nimtume Zainaba, halafu nikakumbuka nilichomdhania mama yake, nikaona hili ni langu. Nilirudi mpaka mlango wa mbele, nikatema skrubu, nikakohoa. Nilipomsikia yuko ndani nikasimama nyuma ya pazia la chumba, nikasema: Mama, nisamehe, chombo ni kizima, ni unga wa liwa unaotoka mkononi ndio unaokiziba jicho.

 Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemwacha Moina mezani?"

Nikamwambia hapana, Mama, wewe ulikuwepo, mkono wako ulikuwa juu ya kipanya wakati wote. Nilimsikia akilia kidogo kidogo, nikaondoka nikaenda kuosha mikono isiyokuwa na uchafu.

Jumamosi tulipomaliza kuswali alasiri, nilikuta beseni dogo la maji na kitambaa kando ya kiti. Mama alikuwa amepaka liwa mpya, uso mzima, na hakuingia ndani. Nilikohoa mara mbili, nikidhani hajasikia. Akasema bila kugeuka, "Rashidi, kaa hapa, kikiganda unisaidie." Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho yangu kwenye miguu yangu. Alikuwa akiwaza, anashika shavu. Kabla ya kugusa kipanya anachovya mkono, anafuta, ndipo anaweka kete. Kipanya kilikwenda mchezo wa kwanza wote na wa pili.

Katika mchezo wa tatu zamu ilikuwa ya Bi Moina. Tukangoja. Haikuja kete. Tukangoja tena, na yale maneno yakatokea, safari hii kwetu: mchezaji ameondoka mezani. Zainaba aliziba mdomo. Mimi nilisema moyoni, yamekwisha, amelipiza.

Mama hakutikisika. Aliyasoma yale maneno taratibu, kisha akasema, "Hakuondoka. Moina naye hupaka liwa na kushika shavu, tabia hiyo tumeitoa kwa mama yetu." Akanyoosha mkono kwa Zainaba, akataka simu. Miaka tisa, kaka, na hakutafuta salamu wala hakumlaumu mtu. Iliposhikwa kule Andoany alisema, "Moina, nawa mkono."

 Halafu kutoka kwenye simu nikasikia sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio, na Mama naye akatoa hiyo hiyo. Waliongea mpaka maghrib. Mwezi ujao Mama anavuka kwenda Nosy Be kuliona kaburi. Amesema anakwenda kukaa, si kupita.

Sasa nimefika nilikokuwa nakwenda.

Habari ya Mama yetu iliponifikia, kaka, ningeweza kuja. Ningefika siku ya hitima, si kabla. Nami nilikuwa nimeona katika nyumba hii yanayompata mtu anayefika siku ya hitima. Niliogopa utaniambia mbele ya watu wa Ngamiani kwamba nimekuja kula pilau, na kwamba nitainuka. Nikaona bora nisije kabisa. Hiyo ndiyo sababu, haina nyingine, na si nzuri. Kisha ikaja barua yako. Nimekaa kuijibu mara nyingi. Naandika "Kaka yangu Salimu", mkono unakwama hapo hapo. Wewe huko ukasoma kwamba nimeondoka. Sijaondoka. Nimekaa mbele ya karatasi miaka miwili, na Mama yetu namlilia peke yangu kwenye majokofu ya watu.

Nisalimie shemeji Bi Asha, mke mwema wa kaka yangu, mwambie kipande cha mti kilicho ndani ya bahasha ndiyo hiyo liwa, aisage kwa maji kidogo, na akijipaka asishike kitu chako chochote. Nisalimie Shangazi Mwanaidi aliyetulea na bakora yake, na Mjomba Hamisi, na mwanangu Mwajuma, binti yako wa kwanza, ambaye nasikia ameolewa na sikuja. Pale alipolala Mama, nisimamie mpaka nije mwenyewe.

Kunijibu kwa maneno mengi sikutaki, hujawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Andika mstari mmoja kama ule ulioniandikia. Hata ukiwa wa kunitukana, nitajua kwamba na wewe hukuinuka.

Mimi mdogo wako,
Rashidi