Ule Haukuwa Uvivu

Nyumba ya Dobi,
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu,

Salamu kwanza, maana sikulelewa kuanza na matusi. U mzima? Kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, magoti yanalia kama bawaba lakini nasimama. Siku nyingine ningekuita mume wangu. Leo sina mume.

Naandika kwa mkono wangu. Herufi zikipinda, zisome hivyohivyo. Darasa la tatu halikunifundisha kuandika na hasira.

Mkeo alianguka Jumatatu, pasi mkononi, juu ya mashuka ya watu. Mimi na jirani yetu fundi viatu tukamfikisha hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamfunua kope, akamtazama viganja, akaniuliza, "Bibi, amechoka hivi tangu lini?" Nikamjibu, "Huyo? Tangu azaliwe!" Nikacheka peke yangu.

Miezi saba nimemwita mke mwenzangu huyo Mama Godoro, mbele ya wateja. Akipanda ngazi tatu za kwenda kuanika, anashika ukuta, nasema anajidekeza. Analala usiku kucha na kuamka kachoka kuliko alivyolala. Nasema huko ndotoni analima. Nilimkuta anatafuna mchele mbichi, nikamwita panya. Utani wetu huo, naye anatabasamu tu, hajibu. Nikadhani kaishiwa maneno. Kumbe kaishiwa pumzi.

Daktari kanieleza taratibu. Uchovu wa kazi ukilala unaondoka. Huu wake ulikuwa unaamka naye, wiki baada ya wiki, na uchovu wa namna hiyo si tabia, ni dalili. Ana uvimbe kwenye kizazi, hedhi inakwenda siku kumi, damu imemwisha mwilini, ndiyo maana hata mchele mbichi alikuwa anautamani. Mwili ulikuwa unasema, mimi nikasikia uvivu.

Kosa hilo ni langu. Nimemwomba radhi, mimi, ambaye babu yako alizikwa bila kuisikia radhi yangu.

Ndipo mkeo akaniambia kwamba majibu ya vipimo mlikwenda kuchukua pamoja kabla hujasafiri. Ulijua! Ukamwambia, "Usimwambie bibi, ana mdomo." Ninao, ndiyo. Ndio uliokutafunia chakula kabla hujaota meno. Uliona haya watu wakijua habari za kizazi cha mkeo, ukaniachia mgonjwa na kuniambia ni msaidizi. Kila ukipiga simu, "Bibi, anakusaidia kazi?" Nami nikimsema, unacheka. Ulinigeuza fimbo ya kumchapia mkeo. Angenifanyia hivyo mtu baki, ningetema mate nikapita. Wewe nilikubeba mgongoni.

Ameongezwa damu chupa mbili. Upasuaji ni tarehe mbili mwezi ujao. Nilimuuliza kama nikuite. Akasema, "Bibi, wewe ulinisema usoni, nilijua ulipo. Yeye sijui alipo." Sikukutetea.

Shangazi yako anakusalimu, na fundi viatu pia, ingawa alisita kidogo. Mungu akupe njia nyeupe na moyo wa kuona haya panapostahili.

Njoo kabla ya tarehe hiyo. Usipitie kwangu. Nenda wodini, kitanda cha dirishani, ukaseme naye mwenyewe. Akikupokea, nami nitakupokea. Akikukataa, nimeshamwambia chumba chake hapa ni chake, uwepo usiwepo.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye, na ambaye sijakusamehe.