Usinisalimie Bungeni

Mume wangu Jilo,

Sisi wazima. Maji yameshuka, tumepanda mpunga, na shangazi yako bado anagombana na viboko shambani. Dada yako Hadija ndiye anayeniandikia, nami nimemkataza kulainisha maneno.

Umeuliza kama hotuba yako ya bungeni ilitupendeza. Kijiji kizima tulizunguka redio. Ukamshukuru Spika, ukamshukuru kiongozi wa chama, ukanisalimia hata mimi, nikapigiwa vigelegele. Ulipofika kwenye habari ya mkunga, muda ukaisha, wakakuzimia kipaza sauti.

Nilipokuwa msichana, dada yangu alishikwa na uchungu, na mkunga alikaa ng'ambo ya mto. Nikamwita mvushaji kwa adabu niliyofunzwa: hujambo, watoto hawajambo, mavuno je? Akanipungia mkono, akaendelea kusuka mtego wake wa samaki. Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akinywesha ng'ombe akanifokea, "Wee binti, unamposa? Mwambie unataka nini!"

Nikapiga kelele, "Mlete mkunga! Dada anazaa!"

Mtumbwi ulikuwa majini kabla sijafunga mdomo. Mtoto aliyezaliwa ndiye huyo shangazi yako wa viboko.

Zahanati yetu mpaka leo haina mkunga, na Hadija anayeandika haya atajifungua mvua zikianza. Kwa hiyo utasimama tena. Wakikunyima nafasi, utaiomba tena. Ukaidi huo umeurithi kwangu. Salamu zangu niletee nyumbani, nitakupikia wali kwa kambare.

Bungeni, anza na mkunga.

Mke wako mkongwe,
Bibi