Yah: Viatu Vyenu Vilivyochoka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye mfikishie shikamoo yake, ingawa najua yuko hapo karibu, anajifanya anakunja nguo huku amekutegea sikio. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi, japo huyo naye tunamjua kwa kutia chumvi. Mimi ni mzima kabisa. Lile tumbo lililokuwa likinisokota kila Jumapili jioni limenyamaza, na nimenenepa kidogo.

Nimepata ujumbe wako kwamba Alhamisi unakuja mjini kwa daktari, na kwamba ukitoka huko utapitia masjala kuwasalimia uliowaacha na kuniona nimekaa kwenye meza yako ya zamani. Ndiyo sababu nimekaa kuandika, na nimemwagiza mdogo wangu akupe barua hii mkononi mwako kabla ya siku hiyo. Ningeweza kupiga simu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo zito huwekwa kwenye karatasi, mtu asije akasema hakusikia vizuri. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujapandisha sauti.

Halafu lile tangazo la fundi viatu ulilotutumia kwenye kundi la familia, nimeliona. Wenzangu walijibu kwa vicheko, mimi nikakaa kimya mpaka ukauliza kama nimesusa. Sikususa, Baba. Nitafika huko.

Nianze na masjala. Wewe uliiacha makabati yamejaa, watu wamepanga foleni dirishani, kila mmoja anataka faili lake jana. Sasa faili zote zimeingizwa kwenye kompyuta, na anayetaka kitu anakiona akiwa amekaa kitini kwake. Wenzangu wawili walihamishiwa idara nyingine. Mimi mkuu wetu, yule tuliyempa jina la Bwana Subiri, aliniambia nisubiri maelekezo, na huku nikisubiri niendelee kulinda makabati. Nikayalinda mwaka na nusu. Asubuhi nasaini daftari la mahudhurio, nafuta vumbi kwenye faili zisizoombwa na mtu, jioni nasaini kutoka. Sikukueleza, kwa sababu kila nilipokuja nyumbani uliniuliza kama mlango wa kabati la tatu bado unakwama, na ulivyokuwa ukicheka nikikujibu kwamba bado unakwama, roho yangu ilikataa kukukatisha.

Kisha nikaugua homa. Nililala siku tatu, siku ya nne nikarudi kazini na karatasi ya daktari. Bwana Subiri aliniuliza ya nini. Nikamwambia sikuwepo tangu Jumatatu. Alishangaa kweli, wala hakuwa na ubaya, akasema yeye alidhani nipo. Nikaenda mezani, nikakuta kikombe changu palepale nilipokiacha, chai imeota ukungu. Nililia, Baba, nalisema wazi. Miaka kumi na moja ya kazi, halafu mtu anadhani tu kwamba upo.

Wiki hiyohiyo msusi anayepanga chumba kilicho chini ya changu aliniomba nimwandikie maneno ya kuweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, kwa kuwa yeye mkono wake ni wa kusuka, si wa kuandika. Nikamwandikia mistari minne. Siku mbili baadaye alipanda kunishukuru, akaniambia wamekuja wateja watatu wapya, na mmoja alikuwa na simu mkononi anamwonyesha maneno yangu. Nilisikia raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikajiandikisha darasa la Jumamosi la masoko ya mtandaoni, miezi mitatu. Wenzangu wote walikuwa vijana wadogo. Siku ya kwanza nilifika na karatasi zangu nimezitoboa na kuzifunga kwa kamba ya faili, basi wakanibatiza Shangazi Faili, na jina limenigandia mpaka leo. Mwalimu alitufundisha kwamba kabla ya kuandika neno lolote ujue nani atalisoma, ana haja gani, na saa ngapi anashika simu yake. Vijana waliona ni elimu mpya. Mimi nikajisemea hii si ndiyo kazi ya masjala, kujua nani atataka nini kabla hajafika dirishani?

Sasa Baba, kaa vizuri. Masjala niliacha kazi miezi saba iliyopita. Sikufukuzwa. Niliandika barua ya kujiuzulu, nikamkabidhi Bwana Subiri, naye akaniambia nisubiri majibu. Sikusubiri. Alhamisi ukienda pale utakuta meza yako imewekewa printa, na sikutaka ulijue hilo ukiwa umesimama mlangoni na fimbo yako, umevaa shati lako zuri.

Naomba unisamehe kwa miezi hii saba. Ulikuwa ukipiga simu saa nne asubuhi, nami najibu kwamba niko kazini. Kazini nilikuwa, lakini nilikuacha uamini ni kazini kule. Siku moja uliniuliza mbona husikii mihuri ikigonga, nami nikachukua chupa ya gundi nikagonga meza mara mbili. Ukaridhika. Mimi sikuweza kula mchana ule. Niliogopa kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka pale, na kwa miaka yote hii ukiulizwa habari zangu unasema binti yangu ameshika kiti changu. Niliona nikikiacha kiti nitakuwa nimekuacha wewe.

Tukija kwa fundi viatu. Ndiye mteja wangu wa kwanza tangu nianze kazi ya kuwaandikia watu matangazo. Ana kibanda chini ya jengo nilipopanga chumba cha ofisi, na nilipomwomba nimtangaze alikubali huku akipiga misumari, hata hakuinua kichwa. Nikakaa kuandika. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu mkono wake huenda unakokujua. Nilipomaliza nikamsomea: "Yah: viatu vyenu vilivyochoka. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Ofisi ya fundi imebaini kuwa baadhi yenu mnatembea na soli zilizofunguka midomo. Mnatakiwa kuziwasilisha kabla ya mvua. Nawatakia utekelezaji mwema." Nilipofika mwisho ndipo nilipojisikia naongea kimasjala, nikataka kulifuta. Fundi akanizuia. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kuandikiwa kwa heshima namna hiyo, na akaagiza liende vilevile, pamoja na nambari nilizoweka kwenye kila aya.

Darasani walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Lakini watu walilituma huku na huko, wakaanza kumiminika kibandani na viatu kwenye mifuko, wakisema wamekuja kujibu barua. Ndiyo iliyoniletea wateja wengine watano. Na ndiyo iliyozunguka weee, ikafika kwenye simu yako.

Wewe ulipotutumia uliandika kwamba sisi watoto wa siku hizi tuisome tujifunze, kwamba huyu aliyeandika amefundishwa na mtu aliyeijua kazi yake. Ukaongeza kwamba amekosea kitu kimoja tu, hakuweka nakala. Maneno hayo nimeyasoma sijui mara ngapi. Aliyeandika ni mimi, Baba. Na mtu aliyeijua kazi yake ni wewe, kwenye meza ya sebuleni, mimi nikiwa na miaka tisa, unaninyang'anya kalamu kwa sababu nimesahau kuandika tarehe. Sikukiacha kiti chako. Nimekihamisha.

Basi Alhamisi usiende masjala. Ukitoka kwa daktari niite, nitakuja kukuchukua. Ngazi za ofisini kwangu ni kumi na mbili tu, na goti likikataa tutakaa chini kwa fundi, naye ana hamu kubwa ya kukuona. Njoo na vile viatu vyako vya kahawia. Soli ya kulia imefunguka mdomo tangu mwaka juzi, na barua umeshaipata.

Nimeandika haya nikaona kifua kimekuwa chepesi, hata kama utakuja umenuna. Wasalimu nyumbani wote, mmoja mmoja kwa umri wake, na mguu uuweke juu ya mto kama ulivyoelekezwa.

Nabaki kuwa mtiifu wako,
binti yako wa kwanza,
Shangazi Faili.

Nakala: Mama, kwa kumbukumbu tu. Taarifa anayo tangu mwezi wa kwanza kati ya hiyo saba.