Nani alimuona Bahati

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Kasenga, hapa kando ya ziwa. Tuko wazima. Mama yako anauza mihogo sokoni, na magoti yangu yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, ila weye huko Lubumbashi endelea kuniita kijana.

Unasema marafiki zako watatu wamekutumia sauti ileile kwenye simu: mjomba wako Amani, mwanangu, hakuzama na mtumbwi, ameonekana Bujumbura. Unauliza kama tuamini.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Bahati alipotea ziwani akivua ndagala. Muda si mrefu soko zima likasema yuko Kalemie. Mama akaacha kulia, akawa anamwekea sahani kila jioni. Baba akaenda sokoni, akamuuliza muuza samaki mmoja.

"Ulimuona na macho yako?"

"Hapana, papa. Miye nilisikia kwa mama Riziki."

Mama Riziki alisikia kwa mvuvi, mvuvi kwa jirani yetu. Jirani akashangaa: "Si mke wako mwenyewe alituambia? Siku ya kwanza alisema labda maji yamemfikisha Kalemie."

Baba alirudi nyumbani. Akaketi mbele ya sahani ya Bahati, akala chakula chote. Mama akamtazama, akaanza kulia upya.

Basi uliza kila rafiki alisikia kwa nani, na huyo naye alisikia kwa nani. Natamani iwe kweli kuliko weye. Lakini kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia Amani anajua kuogelea, pengine amefika Bujumbura. Ukiifuata ile sauti hadi ukanikuta mimi, usinicheke. Nipigie tu, tulie pamoja.

Nyanya yako