Kahawa Iliyopelekwa Mashineni

Baba Rejoice,

Leo sikusalimii. Nimekwenda Makambako kuchagua mwenyewe mashine ya kusagia kahawa. Nataka ya meno, unayoweza kuikaza na kuilegeza, si ya kisu kama blenda. Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inataka unga laini ulio sawasawa.

Jana nilikuomba ukasage kahawa, ukaipeleka kwenye mashine ya mahindi. Jirani yetu Mama Irine akasaga mahindi yake baada yako. Leo asubuhi kaja mlangoni na unga wake wa rangi ya udongo, unanuka kahawa. Nimempa wetu, nikabaki na wake, uso nauficha kwa aibu.

Kuku wape maji. ~~Mchana nenda kale kwa mama yako.~~ Hapana. Ugali uko kwenye hotipoti, wa unga ule ule wa Mama Irine. Ulisema kusaga ni kusaga. Basi na kula ni kula.

Mama Rejoice