Upande wa Pili wa Kikaango

Ashington, Jumanne

Shemeji Cuthbert,

Huku baridi imeanza. Kifua cha kaka yako Wilf kimezidi, na daktari hazungumzii tena kupona.

Jana alitaka viazi vya mama yenu. Nikapanga kikaangoni viazi, vitunguu na jibini, nikaviacha hadi vikashika ukoko. Akachora mstari katikati kwa uma, kama mlivyofanya mkiwa watoto, akala upande wake tu.

“Na huu mwingine?” nikamuuliza.

“Wa yule msaliti. Usiuguse!”

Tangu ulipovunja mgomo mgodini, miaka kumi na tisa, hajawahi kukutaja. Nimeufunika kwa sahani. Barua ikifika utakuwa umechacha, lakini wewe njoo tu. Viazi vipo.

Shemeji yako,
Hilda