Saa Tatu ya Mzee Aminieli

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa. Nimefungua gereji saa moja na nusu, Mzee Aminieli ameshafika, amekaa kwenye ndoo yake anasugua pistoni kwa kitambaa. Sijui huwa anatoka kwake Mwika saa ngapi.

Pistoni zote nne za injini tunayoifanya ya mbio sasa zina uzito mmoja. Amezipunguza kwa tupa siku tatu, kidogo kidogo, akienda kuzipima kwenye mzani wa jirani anayeuza viungo. Hapa Pasua hakuna fundi mwingine mwenye subira hiyo. Mimi mwenyewe sina, na ni yeye aliyenifundisha.

Vijana wa gereji ya mbele wamepita tena kucheka. Injini yetu wanaiita kopo. Ni kweli haina soko hapa mjini. Spea zake ni za kubahatisha, na ndani ya magari yake mengi siku hizi wanalala kuku. Wao ni injini ile ile ya kila mtu, wanaifunga turbo, kazi imekwisha. "Weka turbo, dada, acha kujitesa." Nimewajibu vibaya. Mzee aliendelea kusugua pistoni. Yeye anasema injini hii itapumua kwa mapafu yake yenyewe, tukiisafishia njia ya hewa itapanda mpaka Mwika bila kusukumwa na mtu. Napenda anavyosema hivyo. Sijawahi kumwambia.

Alhamisi, 17 Julai

Kabureta nne za pikipiki zimekaa, kila silinda na yake. Zinapendeza mno.

Kesho naenda Kibosho kuchukua ekzosi kwa mchomeleaji, kwa hiyo Mzee atafunga mnyororo wa taiming, ule unaopatanisha kranki na valvu, peke yake. Kitabu cha injini ni cha Kiingereza na yeye Kiingereza hasomi. Nimemtafsiria hatua tisa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Alisimama nyuma yangu nikiandika, akasema shule ni kitu kizuri. Nikajiona msomi.

Ijumaa, 18 Julai

Barabara ya Kibosho imenitikisa mpaka meno. Ekzosi ni safi lakini, mabomba manne yenye urefu sawa.

Mzee alipiga simu nikiwa huko juu. Eti akifuata karatasi, pistoni namba moja inakaa chini, na yeye amezoea ikae juu. Makelele ya mashine ya mchomeleaji yalinizidi. Nikamwambia afuate karatasi, injini hii si kama zile zake. Akasema haya.

Nimerudi saa kumi na moja. Kifuniko kimeshafungwa, amefagia mpaka chini ya meza. Kesho tunawasha. Watu wa klabu ya magari wanakuja kusikiliza.

Jumamosi, 19 Julai

Imevunjika. Siwezi kuandika.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka ibadani. Sikumbuki mahubiri hata neno moja. Ngoja niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Walikuja zaidi ya kumi, simu mkononi tayari kurekodi. Vijana wa mbele pia. Mwalimu Shao, mwenye gari, alivaa koti la harusini. Gari ni la marehemu baba yake, ndiyo maana hakutaka kubadilisha injini, alitaka hiyo hiyo ifanywe ya mbio. Mzee akachukua spana, akasema tuizungushe kwanza kwa mkono, mizunguko miwili. Ndivyo alivyonifundisha tangu siku ya kwanza. Nikamwambia hakuna muda, watu wamesimama. Nikapiga stata mwenyewe.

Chuma kiligonga chuma. Ikakwama. Mtu mmoja akacheka.

Tukafungua kifuniko hapo hapo. Alama ya kranki ilikuwa upande wa pili kabisa, nusu ya mzunguko. Valvu zilikuwa zimefunguka wakati pistoni zinapanda, zikagongana. Nikageuka nikasema, mbele ya wote, "Mzee, macho yako yamechoka. Si ungeniambia tu huoni?"

Akainama akaiangalia ile alama muda mrefu. Akasema ni yeye, wamsamehe. Akanawa mikono, akakunja ovaroli yake, akaiweka juu ya ndoo, akaondoka.

Nina hasira naye. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumanne, 22 Julai

Nimeshusha hedi. Valvu nane zimepinda. Pistoni alizozisugua siku tatu zina makovu kichwani, lakini zitafaa.

Ile video imezunguka mji mzima. Mwenye mashine ya kusaga unga, ambaye miaka yote dizeli yake anaitengeneza Mzee, leo kaita kijana wa gereji ya mbele. Alinieleza mwenyewe, kwamba kwa kweli umri nao. Nikaitikia. Nilisema ndiyo, umri nao.

Mzee hajapokea simu. Nimepiga mara moja tu.

Jumatano, 23 Julai

Ni mimi.

Nilikuwa nakunywa chai. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa ukutani juu ya meza ya kazi, chini ya saa. Nikawa naisoma tu, macho yakihitaji pa kwenda. Hatua ya nne: ALAMA YA KRANKI IWE SAA TATU.

Kitabu kinasema three o'clock, maana yake alama ielekee kulia, pale namba 3 inapokaa kwenye saa. Nami nikaandika saa tatu. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu, wakati wa chai. Mshale mfupi umesimama kwenye 9. Kushoto.

Mzee aliweka alama pale pale saa tatu inapokaa. Pale ambapo kila mtu hapa Moshi anaiona kila asubuhi anapokunywa chai. Wala hakukosea hata unywele mmoja.

Akaona pistoni iko chini, akapiga simu. Nikamwambia afuate karatasi. Akataka kuizungusha kwa mkono, angehisi inagonga kabla haijavunjika kitu. Nikamkatalia. Halafu nikamwambia macho yake yamechoka.

Nimebandua karatasi. Nimeikunja nimeitia ndani ya daftari hili. Hakuna aliyeniona. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kujua ni kuangalia kama kuna mtu aliyeniona.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata valvu za injini nyingine, nimezikata mashina zikakaa. Sasa kuzisaga zilale vizuri kwenye viti vyake. Hiyo ni kazi ya Mzee. Yeye huzungusha kijiti viganjani huku amefumba macho, anasikiliza. Nimejaribu siku nzima. Nimemimina mafuta ya taa kupima, yamevuja kwenye valvu sita kati ya nane.

Mwalimu Shao alipita. Ni mtu mpole, hakudai kitu. Aliuliza tu kama Mzee hajambo, na kama kweli haoni tena. Ilikuwa nafasi yangu hiyo, tulikuwa wawili tu, mlango wazi. Nikasema Mzee amezeeka.

Sina hata cha kusingizia. Siku ile sikujua. Leo nilijua.

Jumapili, 27 Julai

Nimeenda Mwika.

Nilichuma isale kwenye mpaka wa shamba la nyumbani, jani moja refu, nikalifunga fundo kama marehemu bibi alivyokuwa akifanya. Kwetu ukimpelekea mtu isale kumwomba radhi, hakatai. Nadhani ndiyo maana nililichukua. Nilitaka kitu ambacho hakitakataliwa.

Mkewe, Mama Anasia, alinipokea, akanipa mtori wa ndizi. Nikamwamkia shikamoo nikiangalia chini. Mzee alikuwa shambani kwenye kahawa. Mama akanieleza taratibu, bila kunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jumatatu Mzee alishuka mjini kupima macho. Wakamwambia ni mazima kwa umri wake. Hakuwaamini. Alinunua miwani mnadani. Sasa akitaka kukata matawi ya mibuni anamwita mkewe kwanza, aje amthibitishie kwamba ni tawi lenyewe. Miti aliyoipanda mwenyewe.

Niliweka bakuli chini.

Mzee akaja na ile miwani, kubwa, imemlemea puani. Nikampa isale kwa mikono miwili, nikapiga magoti chini. Nikatoa karatasi nikamweleza yote. Saa tatu ya kitabu na saa tatu yetu. Simu. Spana. Alisoma hatua ya nne, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani. Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Kati ya hayo, kufukuzwa ningelipenda zaidi.

Isale alilipokea. Alisema aika, asante ya kwetu, akalichomeka kwenye nguzo ya mlango. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Kwani maneno yale uliyasemea hapa?"

Nimeteremka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Sikutaka mtu aone uso wangu.

Jumatano, 30 Julai

Nimewaita watu wa klabu Jumamosi. Nimesema kuna jambo la ile injini. Wote wanadhani tunawasha. Sikuwasahihisha.

Nimemwita na mwenye mashine ya unga. Huyo ndiye naona aibu kumkabili kuliko wote, kwa ile ndiyo yangu.

Nimefikiria kusema ninaumwa. Nimefikiria pia kusema tulikosea sote wawili, kidogo yeye kidogo mimi. Hiyo ya pili nimeipenda kwa muda mrefu kabla ya kuiacha.

Jumamosi, 2 Agosti

Walikuja. Wakaikuta injini bado iko vipande juu ya meza. Vijana wa mbele walikaa juu ya matairi, wamenunua na karanga.

Mzee alikuja. Sikuwa na uhakika. Alisimama mlangoni, hakuingia ndani.

Nilikuwa nimeandika cha kusema, nikasahau. Nikabandika karatasi ukutani pale ilipokuwa, nikawaambia wasome hatua ya nne, kisha waangalie saa. Wakaangalia. Ilichukua muda. Mwalimu Shao alikuwa wa kwanza, akashika kichwa. Nikasema mwandiko ni wangu. Nikasema Mzee alinipigia simu, nikasema na habari ya spana. Nikasema Mwalimu, juzi uliniuliza nikakudanganya. Nikasema macho yake ni mazima, aliyekuwa haoni ni mimi. Sauti ilikatika katikati, ikabidi nirudie.

Kijana mmoja wa mbele akasema, "Dada, kumbe na shule yote hiyo." Wakacheka. Nikawaacha wacheke mpaka waishie. Zamani ningemrushia spana.

Mwenye mashine ya unga alinung'unika. Alisema video haina pa kurudishwa. Ni kweli. Siku ile walirekodi wote. Leo hakurekodi mtu.

Nilipogeuka mlangoni Mzee hayupo. Sikumfuata.

Jumatatu, 4 Agosti

Mlima umefunguka. Theluji imebaki kidogo tu upande wa huku.

Nimefika saa moja na nusu. Ndoo ilikuwa na mtu. Amevaa ovaroli yake, miwani hana. Nikasema shikamoo Mzee, akasema marahaba, kama siku nyingine. Akasema atakuwa anashuka Jumatatu na Alhamisi tu, mpaka valvu ziishe. Baada ya hapo tutaona. Sikuuliza zaidi. Mashine ya unga bado hawajamwita.

Amesaga valvu mbili. Nimemimina mafuta ya taa, hayakuvuja. Nimekaa pembeni nikiangalia viganja vyake, na aibu bado ipo, sijui kama inaondoka. Mwanzoni nilidhani nikishasema itakwisha.

Baadaye akauliza saa ngapi, bila kuacha kazi. Nikasema saa tatu.

Akainua kichwa akaangalia ukutani.

"Ya kwako au ya kwangu?"

Nikacheka, kicheko hakikufika mbali. Nikasema ya kwako, Mzee. Nikaenda kuchemsha chai.